Dola za zamani za fedha za Marekani: uanze na ipi, ipi uiache mezani

Sarafu yangu ya kwanza ya Marekani niliinunua kwa sababu iling'aa. Ilikuwa dola ya Morgan (dola ya fedha yenye kichwa cha mwanamke upande mmoja na tai upande wa pili) ya 1884, nyeupe kama sufuria iliyotoka kusuguliwa kwa jivu, na muuzaji akaniapia kwamba haijawahi kutumika. Nikampelekea mzee mmoja aliyezoea kazi hii. Akaigeuza mara mbili chini ya taa, akanirudishia: "Imesuguliwa hii, mwanangu." Nilikuwa nimelipa bei ya sarafu mpya, na nilichobaki nacho kilizidi thamani ya madini kidogo tu. Nauandika mwongozo huu ili wewe usianzie nilipoanzia mimi.

Kwanza tuielewe bei. Chini kabisa kuna madini. Dola za Morgan na zile za Peace zilizofuata, pamoja na nusu dola, robo dola na senti kumi zilizotengenezwa hadi 1964, ni fedha asilimia 90. Dola ina uzito wa gramu 26.73, yaani gramu 24 na ushei za fedha tupu. Nusu dola ina gramu 12.5, fedha tupu gramu 11.25. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo, utaijua bei ambayo sarafu haishuki chini yake. Juu ya hapo unalipia mwaka, kiwanda ilikotoka na daraja la uchakavu. Mgeni wa kazi hii ana uhakika wa madini peke yake, kwa hiyo nimezipanga sarafu kwa kigezo hicho: inayotangulia ndiyo isiyoweza kukuumiza sana ukikosea.

Ya kwanza ni nusu dola ya Walking Liberty, ile ya mwanamke anayetembea kulielekea jua. Ilitengenezwa 1916 hadi 1947, na za miaka ya 1940 zimejaa. Nunua zilizochakaa, kwa bei iliyo karibu na ya madini. Sarafu chakavu ni mwalimu mzuri: kaa na kumi hivi, zipange kuanzia iliyolika zaidi hadi iliyo nzima zaidi, na jicho lako litaanza kufunguka lenyewe.

Ya pili ni Morgan yenyewe, iliyotengenezwa 1878 hadi 1904, kisha tena 1921. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiko pesa nyingi za watu zinakopotelea.

Daraja hutolewa kwa kipimo cha 1 hadi 70, na kuanzia 60 ni sarafu ambayo haikuingia mikononi mwa watu. Kwenye Morgan, tazama nywele zilizo juu ya sikio la mwanamke, kisha manyoya ya kifua cha tai upande wa pili. Hizo ndizo sehemu zilizoinuka, na ndizo zinazolika mwanzo. Lakini usiharakishe kuhukumu: nyingi za New Orleans, zenye alama ya O, hazikugongwa vizuri kiwandani, na nywele zake ni bapa tangu siku ya kwanza. Jibu liko kwenye mng'ao. Izungushe polepole chini ya taa moja. Sarafu isiyotumika hutoa miale inayozunguka kama spoku za gurudumu. Iliyotumika, miale inakatika kwenye zile sehemu zilizoinuka. Iliyosuguliwa hung'aa kote kwa namna moja, mwanga haukimbii, na kwa kioo cha kukuzia utaona mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja. Mikwaruzo hiyo haifutiki, na wewe usiisafishe sarafu yoyote kamwe, hata kwa dawa ya meno.

Mipigo, yaani alama za kugongwa, kwenye shavu la yule mwanamke ni jambo jingine. Dola hizi zilihifadhiwa elfu moja kwa kila gunia, zikagongana. Mipigo haimaanishi ilitumika, ila inashusha daraja, na ikiwa shavuni inaonekana zaidi.

Ushauri wangu ni Morgan ya 1881 kutoka San Francisco, yenye alama ndogo ya S chini ya shada la majani. Ziko nyingi na kwa kawaida ziligongwa vizuri sana. Chukua ya daraja la 63 au 64 iliyofungwa kwenye kasha la PCGS au NGC, kampuni zinazopima daraja la sarafu, na uhakiki namba ya kasha kwenye tovuti ya kampuni, kwa kuwa hata makasha hughushiwa.

Ya tatu ni dola ya Peace, 1921 hadi 1928 na 1934 hadi 1935. Uzito ni uleule. Ni nzuri, ila michoro yake laini humpa mgeni taabu kutambua uchakavu, ndiyo maana nimeishusha. Senti kumi za Mercury naziweka ya nne: nafuu, lakini ndogo mno kwa jicho lisilozoea.

Morgan zenye alama ya CC, za kiwanda cha Carson City kule Nevada, ni tamu na ni ghali. Usizinunue nje ya kasha. Vivyo hivyo Morgan ya 1893 yenye S: zilitengenezwa 100,000 tu, na matapeli hubandika S kwenye sarafu ya kawaida.

Ya mwisho, na ya kuiacha mezani, ni dola ya biashara (trade dollar) iliyoanza 1873 kwa ajili ya soko la China. Wafanyabiashara wa huko waliipiga mihuri yao midogo, na historia hiyo inavutia kweli. Ila za bandia zimetapakaa. Halisi ina gramu 27.22. Ukiona mizani inasoma 24, au sumaku inaivuta, mrudishie mwenyewe.