Canon 50mm f/1.8 ya hesi ya M39: kabla hujatoa pesa, mulika kioo cha nyuma ya kitundu

Kati ya lenzi zote za Kijapani zilizotengenezewa kamera za renjifainda, yaani zinazopata fokasi kwa kipima umbali, hii ndiyo tunayompendekezea mtu wa Nairobi anayeanza kukusanya. Ni ndogo, ni chuma kitupu, na picha zake bado zinatosha kuchapwa kubwa na kutundikwa ukutani. Iliyo safi, kwa wauzaji wa Japani mtandaoni, mara nyingi huwa kati ya dola 150 na 250 kabla ya usafiri. Ndugu zake wa f/1.4 na f/1.2 ni ghali zaidi, na ile ya f/0.95 iliyotoka 1961 pamoja na kamera ya Canon 7 ni ya wenye mifuko mizito. Ila hii ya f/1.8 ina ugonjwa wake, na ugonjwa huo hukaa mahali pamoja tu. Anayejua pa kutazama hanunui hasara.

Tuanze na lenzi yenyewe. Toleo la kwanza lilitoka 1951 kwa jina la Serenar, ambalo Canon ilikuwa ikiwapa lenzi zake miaka ile. Mchoro ni wa Hiroshi Ito: vioo 6 katika makundi 4, kwa mpangilio wa Gauss, ambapo vioo vinakaribia kulingana pande mbili za kitundu. Lenzi za mpangilio huo zikifunguliwa sana zilikuwa zikitandaza utandu mweupe juu ya picha, na sifa ya Ito ni kwamba aliupunguza mno. Lile la mwanzo ni la rangi ya fedha na ni zito mkononi. Toleo jeusi lilikuja 1956. Ni jepesi zaidi, na ndilo utakalokutana nalo mara nyingi sokoni. Kwa bahati mbaya, ndilo pia lenye ule ugonjwa.

Ugonjwa ni ukungu wa kijivu kwenye uso wa kioo kilicho nyuma tu ya vibamba vya kitundu cha mwanga. Grisi na mafuta ya ndani huzeeka, hutoa mvuke kidogo kidogo, na mvuke huo hutua hapo. Ukifutwa mapema, unatoka. Ukiachwa miaka, unakula kipako (utando mwembamba wa kuzuia mwakisi) na hata uso wa kioo, na hapo hakuna kitambaa wala dawa itakayorudisha kilichokwenda. Picha inakuwa kama imepigwa nyuma ya pazia la nailoni: weusi unageuka kijivu, na taa yoyote iliyo mbele yako inavimba.

Kuupima unahitaji tochi ya simu na dakika 2. Peleka fokasi kwenye infiniti (alama ya ∞, ya vitu vya mbali kabisa), fungua kitundu hadi f/1.8, kisha mulika kutoka nyuma kwa pembe, usimulike moja kwa moja. Tazama kutoka mbele. Vumbi ni nukta nukta. Liache, halina neno. Kuvu hufanana na nyuzi za utando wa buibui, na mara nyingi huanzia pembeni. Gundi iliyoachana kati ya vioo viwili huonyesha duara au upinde wa rangi kama mafuta juu ya dimbwi. Ukungu ni weupe uliosambaa sawasawa, kama pumzi juu ya kioo cha dirisha, tofauti ni kwamba huu haupotei.

Sasa funga kitundu hadi f/8, geuza lenzi, mulika tena na utazame kutoka nyuma. Vibamba vimeshaziba nusu ya mbele, kwa hiyo ukungu wowote unaouona sasa umo katika kundi la nyuma. Hapo ndipo panapoua lenzi hii. Ukiagiza kutoka mbali, mwombe muuzaji picha hiyohiyo: kitundu f/8, tochi, upande wa nyuma. Wengi wao hukubali. Akiandika kwamba kuna ukungu mwepesi usioathiri picha, kwa lenzi nyingine unaweza kusamehe. Kwa hii nyeusi ya f/1.8 pita uende zako, labda bei iwe ya lenzi ya mazoezi ya ufundi.

Hilo lina uzito zaidi kwetu kwa sababu kurudisha mzigo Japani kutoka Nairobi hakulipi. Forodha hukokotoa ushuru juu ya bei ya bidhaa pamoja na bima na usafiri, kisha VAT ya asilimia 16 huja juu ya hesabu hiyo, na ada nyingine zipo. Lenzi ya dola 180 haitafika mlangoni kwa dola 180. Weka akiba hiyo kando kabla hujabonyeza kitufe cha kununua.

Ukinunua hapa hapa mjini, iwe ni kwa duka la kamera za zamani au kwa mtu anayeuza vitu vya mzee wake, faida ni kwamba unaishika. Hatari nayo ni tofauti: hesi ya milimita 39, ndiyo hiyo M39, haimaanishi kuwa lenzi ni ya renjifainda. Vitu vitatu huchanganywa. Kwanza ni lenzi za mashine za kukuzia picha gizani, kama EL-Nikkor 50mm f/2.8. Zinaingia kwenye hesi vizuri kabisa, zinaandikwa Nippon Kogaku, zinapendeza macho, lakini hazina pete ya fokasi. Pili ni lenzi za Zenit za mwanzo za Urusi, zenye hesi ileile lakini zilizopimwa kukaa milimita 45.2 kutoka kwenye filamu badala ya 28.8, kwa hiyo kwenye kamera ya renjifainda hutapata kitu kilicho wazi. Tatu ni lenzi za M42, yaani za hesi ya milimita 42, ambazo kwa jicho la haraka zinafanana na hizi. Dawa ni kugeuza lenzi na kutazama mgongo wake. Ya renjifainda ina pete laini ya chuma au shaba inayosogea mbele na nyuma unapozungusha fokasi. Pete hiyo ndiyo inayosukuma kigurudumu cha kipima umbali ndani ya kamera.

Mkononi, pete ya fokasi iliyo sawa huzunguka kwa uzito mmoja kuanzia infiniti hadi karibu mita 1. Ikiwa nzito mahali fulani na nyepesi pengine, grisi imekauka. Ikichezacheza kushoto na kulia, hesi zimelika au mtu aliifungua akakosea kuirudisha. Kuna kitufe kidogo kinachofungia fokasi kwenye infiniti. Kibonyeze mara kadhaa uone kama kinaachia. Kilichokwama hukatisha tamaa barabarani. Tazama pia skrubu ndogo za pembeni. Zenye vichwa vilivyochunika zinakuambia bisibisi mbaya imepita hapo.

Kwenye Leica ya M unahitaji pete ya kuunganishia yenye unene wa milimita 1 kamili, maana lenzi hii hukaa milimita 28.8 kutoka kwenye filamu na ya Leica M 27.8, na tofauti ni hiyo 1. Chagua ile ya fremu za 50, vinginevyo kamera itakuonyesha mistari ya lenzi nyingine. Kwa Sony E adapta ni ya milimita 10.8, kwa Fuji X 11.1, kwa Nikon Z 12.8. Adapta za bei ya chini huwa nyembamba au nene kidogo kuliko inavyotakiwa, na kosa hilo huonekana kwanza kwenye vitu vya mbali. Kipimo chetu ni Milima ya Ngong asubuhi isiyo na mawingu, kutoka paa lolote linaloiona: fokasi kwenye infiniti, f/1.8, kisha kuza picha utazame ukingo wa kilele. Ukiwa laini, badilisha adapta kwanza kabla ya kuilaumu lenzi. Kwa kamera za kidijitali ipo pia adapta yenye hesi yake ya kusogeza lenzi mbele, nayo inakufikisha karibu nusu mita.

Ukiwa mita 1 kwa f/1.8, sehemu iliyo wazi ina kina cha takriban sentimita 4. Jicho likiwa kali, sikio limeshaanza kufifia. Mita 2, kina hufika kama sentimita 17, na hapo picha ya mtu mlangoni pa duka inapumua. Kwa f/1.8 katikati ni pakali, kona ni laini, na tofauti ya mwanga na kivuli ni ya upole. Upole huo ni mali katika jua la saa sita mchana la Nairobi, linalosimama utosini na kuchimba vivuli vyeusi chini ya macho ya watu. Lenzi za kisasa huongeza ukali juu ya ukali. Kuanzia f/4 hadi f/5.6 hata kona zinatulia.

Shida ni kwamba jua hilo halitakuruhusu f/1.8 kirahisi. Kwa filamu ya ISO 100, hesabu inakupeleka kwenye kasi ya karibu 1/8000, na kamera nyingi za enzi hiyo huishia 1/1000. Kwa hiyo tia filta ya kijivu ya ND8, inayopunguza mwanga mara 8. Hapa kuna mtego: filta ya lenzi hii ni ya milimita 40, wala si 40.5. Ya 40.5 huonekana kama inashika, kisha inapinda au inaharibu hesi za mdomo. Nunua pete ya kupandisha kutoka 40 hadi 43 au 46, na filta zako zote ziwe za ukubwa huo. Kikinga jua cha zamani cha Canon hubana nje ya mdomo wenye kipenyo cha milimita 42. Kitafute, maana jioni pale Tom Mboya taa za matatu zinaingia kutoka kila upande, na bila kikinga hata lenzi safi hutoa utandu.

Ukishapata yenye ukungu mchanga, kazi ya kuusafisha inawezekana. Fundi huingia kutoka nyuma: pete yenye noti mbili hufunguliwa kwa spana ya lenzi, mwili wa vioo unatoka mzima, na kundi la nyuma hufunguka kwa mkono. Kati ya mwili huo na hesi za fokasi huwa kuna pete nyembamba za kurekebishia. Zihesabu, zirudishe kama zilivyokuwa. Moja ikipotea, kipima umbali na lenzi havitaelewana tena. Kufuta ni matone mawili matatu ya alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 kwenye karatasi ya lenzi, kutoka katikati kwenda nje, karatasi mpya kila mara. Baada ya mara tatu ukungu ukiwa palepale, kioo kimeliwa. Usikisugue kwa dawa ya kung'arisha, kwa kuwa utaondoa kipako kilichobaki.

Mshindani wa kweli ni Nikkor-H.C 50mm f/2. H ni vioo 6, C ni kipako. Mpangilio wake ni wa Sonnar wenye makundi 3 tu, kwa hiyo nyuso zinazogusa hewa ni chache na taa inayokutazama haimsumbui sana. Fokasi yake huendelea kupita kipimo cha renjifainda hadi karibu sentimita 45, jambo linalompa raha mwenye kamera ya kidijitali. Kwa anayepiga filamu tunabaki na Canon. Kwa mwenye Sony au Fuji, Nikkor iliyo safi ikija kwa bei ileile, chukua Nikkor.

Nyumbani, itoe kwenye kifuko chake cha ngozi, kwani ngozi hufyonza unyevu na kuulisha kuvu. Mvua za Machi hadi Mei na baridi ya Julai zinatosha kuiharibu ndani ya kabati lililofungwa. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa mpira, kipima unyevu kidogo na silika ya bluu vinatosha. Lenga asilimia 40 hadi 50. Silika ikigeuka waridi, ikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa 2 au 3, iache ipoe kwenye chombo kilichofunikwa, kisha irudishe ndooni.