Mapezi ya Mpasuo kwa Wapiga Mbizi: Yapi Ununue, na Nani Asiyanunue

Mapezi ya mpasuo, yaani yale ambayo bapa lake limegawanyika katikati kutoka nchani hadi karibu na vidole vya mguu, huuzwa kwa ahadi moja: kwamba mpiga mbizi atakwenda mbali kwa kutumia nguvu kidogo. Kwa baadhi ya watu ahadi hiyo ni ya kweli, na kwa wengine ni fedha iliyotupwa. Kinachotofautisha makundi hayo mawili ni namna mtu anavyopiga miguu na aina ya maji anayoshukia, si jina la kampuni lililochapwa ubavuni mwa pezi. Kwa hiyo nitaanza na miguu, kisha nitapanga mapezi yenyewe kwa daraja.

Umbo hili lilipewa hataza na Mmarekani Pete McCarthy, ambaye teknolojia yake hujulikana kwa jina la Nature's Wing, na lilienea madukani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 baada ya kampuni kadhaa kununua haki ya kulitumia. Mguu unaposhuka, kila nusu ya bapa hujipinda kivyake, maji hupita katikati ya mpasuo, na nusu hizo mbili husukuma kwa namna inayokaribiana na panga boi la mashua. Watengenezaji huusifu sana mpasuo huo. Kwa maoni yangu, ulaini wa bapa una mchango usiopungua ule wa mpasuo, kwa sababu bapa laini la umbo lolote huchelewa kuchosha paja na shavu la mguu.

Mapezi haya yanataka mapigo mafupi ya haraka, miguu ikipokezana juu na chini kutoka nyongani, goti likiwa limelegea kidogo tu. Mtu aliyezoea bapa gumu, ambaye hupiga miguu kwa upana na kwa nguvu, huyavaa mara ya kwanza akadhani yameharibika, kwa kuwa hahisi maji yakimkataa. Ukosefu huo wa ukinzani ndio faida yake. Mwenye maumivu ya goti au ya nyonga, anayebanwa na misuli kila anapofika katikati ya mbizi, na mtu mzima anayerudi baharini baada ya miaka mingi, hao ndio wateja halali wa mapezi haya, na kwao ningeyapendekeza bila kusita.

Upande wa pili wapo watu ambao hawapaswi kuyanunua hata yakishushwa bei. Anayepiga miguu kichura, anayetaka kurudi nyuma bila kugeuka, au anayejigeuza papo hapo akiwa ameelea mbele ya mwamba ili apige picha, anahitaji bapa linalokaa imara linaposukumwa kwa upande. Bapa lililopasuliwa hulegea na nguvu ikapotea. Mtu huyo anunue mapezi ya bapa zima. Scubapro Jet Fin, ambayo iliingia sokoni mwaka 1965 na bado inatengenezwa, ni nzito na ngumu lakini hutii kila amri ya mguu, na Mares Avanti Quattro + ni chaguo la kati kwa asiyetaka uzito huo. Vilevile, mapigo ya juu na chini hutimua mchanga na tope, hivyo anayezamia karibu na sakafu laini atawaharibia maji wenzake walio nyuma, ingawa kosa hapo huwa la mkao wa mwili kuliko la pezi.

Suala la mikondo huzua ubishi mwingi, na katika pwani yetu si suala la kinadharia. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4, na maji yote hayo hupita katika milango myembamba kama ule wa Kinasi, unaoingia ghuba ya Chole huko Mafia, au milango iliyo kati ya visiwa vidogo vya magharibi mwa Pemba. Wapo wanaosema mapezi ya mpasuo hayafai kabisa mahali kama hapo. Mimi naona wanapitiliza. Kiongozi mwenye busara huwashusha wageni maji yanapoingia, huwaacha wachukuliwe na mkondo, na mashua ikawafuata juu. Katika mbizi ya namna hiyo hakuna anayeshindana na bahari, na pezi laini linatosha. Linapopwaya ni pale unapohitaji nguvu ya ghafla kwa mapigo machache, kwa mfano kumfikia mwenzako aliyesogezwa mbali. Anayeongoza wageni kila siku katika maji hayo avae bapa zima, na mgeni wake anaweza kuvaa atakalo.

Kabla ya kuchagua jina, chagua namna ya kuvaa. Mapezi yanayovaliwa kama kiatu, mguu ukiwa mtupu, ni mepesi na yanafaa katika maji yetu ya joto ikiwa unashuka moja kwa moja kutoka kwenye mashua. Hata hivyo, pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Matemwe kwenda kusini, maji yakipwa mashua husimama mbali, nawe hutembea kwenye mwamba mkali wenye viumbe vya miiba. Kwa hali hiyo mapezi ya mkanda wa kisigino, yanayovaliwa juu ya viatu vya neoprini (mpira laini wa suti za kuzamia), yana maana zaidi, na ndiyo ninayoyazungumzia hapa chini. Uyajaribu dukani ukiwa na viatu hivyohivyo utakavyotumia: vidole vichezechee, unyayo uingie hadi karibu na kisigino, na ukiinua mguu na kuutikisa pezi lisicheze. Pezi bora lenye mfuko wa mguu usiokutosha litakuchubua na kukubana misuli, nawe utalilaumu bapa.

Nafasi ya kwanza naipa Atomic Aquatics Split Fin. Mbavu zake za pembeni ni ngumu huku sehemu ya katikati ikiwa laini, na mchanganyiko huo huyafanya yamvumilie mtu ambaye bado hajaacha tabia ya kupiga miguu kwa nguvu. Bapa halijikunji ovyo kama ilivyo kwa baadhi ya mapezi ya aina hii. Mkanda wa springi ya chuma kisichoshika kutu, ukiupata pamoja nayo, huondoa kabisa habari ya kukaza na kulegeza vifungo kwenye mashua inayoyumba. Kasoro yake ni bei, na ukubwa wake katika begi la safari.

Ya pili ni Apollo Bio-Fin ya Japani, iliyotengenezwa kwa mpira mtupu. Kwa ulaini wa mwendo sijui yanayoyazidi, na kwa kudumu mpira wake huishinda plastiki nyingi. Ni mazito, tena huzama. Kwa mtu ambaye miguu yake hupenda kuelea juu, uzito huo ni tiba. Kwa mwembamba aliyevaa suti nyepesi, ambaye miguu yake tayari huning'inia, ni balaa, kwa sababu atasogea akiwa amesimama wima na kupiga matumbawe kila anaposhusha mguu. Anayeishi Mombasa, Dar es Salaam au Unguja na kubeba vifaa vyake kwa gari anaweza kuyaweka nafasi ya kwanza. Anayesafiri kwa ndege yenye kikomo cha kilo 23 atafikiri upya.

Kwa msafiri huyo, TUSA X-Pert Zoom Z3 ndiyo inayofuata. Ni mepesi, na bapa lake limeinamishwa kidogo kutoka kwenye mfuko wa mguu ili kifundo kisilazimike kujinyoosha kupita kiasi, jambo ambalo mwenye vifundo vikavu atalishukuru. Nguvu yake ni ya wastani, na mtu mwenye mwili mkubwa na mtungi mzito ataona mpaka wake mapema.

Scubapro Twin Jet ilikuwa miongoni mwa mapezi yaliyolipa umbo hili umaarufu, na leo thamani yake kubwa iko katika soko la mitumba, ambako huuzwa na watu waliohamia bapa zima. Ikiwa hali yake ni nzuri, ni ununuzi wa akili kuliko pezi jipya lisilo na jina. Hayo yasiyo na jina, yanayofanana na ya kampuni kubwa kwa sura tu, yamekaa mkiani mwa orodha yangu: mpasuo upo, lakini plastiki yake ni ngumu pale inapopaswa kujipinda na dhaifu pale inapopaswa kushikilia.

Mapezi mapya ya kampuni zinazojulikana huanzia karibu dola 150 za Marekani, na yale ya juu hupita 200, kabla ya usafiri na ushuru. Wengi wetu huagiza kupitia jamaa walioko Dubai au Ulaya, na hapo hatari si bei bali kipimo, kwani namba za viatu vya kampuni moja hazilingani na za nyingine. Mtumie jamaa yako urefu wa unyayo wako kwa sentimita, ukiwa umevaa kiatu cha neoprini, wala usimtumie namba ya kiatu peke yake. Anayeanza mafunzo asinunue chochote kwa sasa. Atumie ya kukodi hadi ajue miguu yake inapiga vipi.

Ukinunua ya mitumba, yakague pale mpasuo unapoishia karibu na vidole, kwa kuwa ndipo bapa huanza kuchanika. Yaweke sakafuni uone kama ncha mbili zimelala sawa. Zilizopinda kwa kuegeshwa wima ukutani au kuachwa juani hazirudi vizuri katika hali yake. Ukumbuke pia kwamba mpasuo hunasa kamba ya boya na uzi wa mshipi uliokatika kwenye mwamba, hivyo mkasi mdogo au kisu kikae mahali mkono unapofika. Mwisho, nunua mkanda wa akiba na vifungo vyake siku ileile, maana kifungo kikivunjika ukiwa Pemba, hutakipata katika duka lolote la karibu.