Kipimo cha digoksini kwa kingamwili: chepesi, lakini kina mitego

Kwa maabara ya hospitali ambayo tayari ina mashine ya kemia, vitendanishi vya kingamwili (protini zinazoinasa dawa) ndiyo njia ya kupimia digoksini, dawa ya moyo. Vinataka seramu kidogo tu, na majibu hayachelewi.

Majibu mengi ya ajabu hayatokani na vitendanishi, yanatokana na saa ya kutoa damu. Itolewe angalau saa 6 baada ya dozi; bora zaidi, muda mfupi kabla ya dozi inayofuata. Ukiwahi, dawa haijamaliza kuingia kwenye tishu na namba inapanda bure. Dozi ikibadilishwa, subiri kama wiki moja. Figo zikiwa dhaifu, zaidi ya hapo.

Kasoro halisi ni kingamwili kudanganyika. Watoto wachanga, wajawazito na wenye figo zilizofeli huweza kuwa na vitu vinavyofanana na digoksini kwenye damu. Aliyekula oleanda, lile ua la uani, naye husomeka, ila namba haionyeshi ukubwa wa sumu. Aliyetibiwa sumu ya digoksini kwa kingamwili asipimwe jumla ya dawa kwa siku kadhaa: itapanda sana wakati dawa huru, isiyonaswa na kingamwili, imeshuka.

Kromatografia yenye spektrometa ya masi, inayotambua molekuli kwa uzito wake, hutenganisha vitu hivyo vizuri, lakini ni ghali na inataka fundi mzoefu.

Kwa moyo unaoshindwa kusukuma damu, lenga 0.5 hadi 0.9 ng/mL. Jibu likija kwa nmol/L, gawanya kwa 1.28 upate ng/mL. Pima na potasiamu pia: ikishuka, digoksini hudhuru hata ikiwa ndani ya kiwango.