Miaka sita na injini ya Subaru iliyolala: uzoefu wangu hapa Tanga

Subaru Forester langu nililinunua mwaka 2018 kwa mtu, hapahapa Tanga. Ni toleo la 2003, injini EJ20 ya lita 2 isiyo na tabo, giaboksi otomatiki. Dashibodi ilikuwa inasoma kilomita 148,000, na dashibodi za magari ya mkononi tunazijua wenyewe. Hadi natimiza nalo miaka sita imefika 211,000, na injini ni ileile. Naanza na hilo kwa kuwa nikiegesha tu Ngamiani lazima atokee mtu wa kuniuliza, "Hiyo haijanoki tu?"

Haijanoki, yaani injini haijafa. Ila mwaka wa pili nusura niiue mwenyewe.

Kwa asiyeijua: pistoni za injini hii hazisimami, zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, zinakwenda kama mabondia wanaogonganisha ngumi. Ndiyo maana inaitwa boksa. Uzito unakaa chini, gari linashika barabara vizuri kwenye kona, na mngurumo wake watoto wangu wanaujua nikiwa bado mtaa wa pili. Lakini kulala huko kuna gharama yake. Silinda hedi zimening'inia pembeni, na ukingo wa chini wa gasketi, ile sili inayobanwa kati ya hedi na bloku, unashinda umelowa maji na oili hata gari likiwa limezimwa. Ukiweka maji ya bomba, kutu na tope lake lote linatua palepale. Jina baya la gasketi limebebwa zaidi na ndugu yake wa lita 2.5, hii ya lita 2 ni ngumu kuliko inavyosemwa vijiweni. Ngumu kwa anayeiwekea kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini.

Mimi nililinunua likiwa na maji ya bomba. Siku ya kulikagua nilifungua mfuniko wa rejeta nikakuta maji mekundu kama chai ya mkandaa. Muuzaji akasema, "Hiyo ndiyo kulanti yenyewe, bwana." Nikakubali. Nilikuwa nimeshalipenda.

Mwaka 2019 tukawa tunapanda Amani kutoka Muheza kwenda msibani, mimi, mke wangu na mama mkwe. Njia ile ni kona na vumbi, mwendo wa gia ya kwanza na ya pili, upepo wa kupoza rejeta hakuna. Mshale wa joto, ambao siku zote hukaa chini kidogo ya katikati, ukaanza kupanda. Nikipunguza mwendo unashuka, nikikanyaga unapanda. Nikazima eesii, nikafungua hita hadi mwisho ili joto la injini litoke hata kama ni usoni kwetu. Mke wangu akaweka kiganja kwenye tundu la hita, akanigeukia: "Mbona inapuliza baridi?" Sikuwa na jibu. Nyuma mama mkwe alikuwa anavuta uradi.

Jibu nimelijua baadaye. Mshale unapanda na hita inapuliza baridi: ndani kuna hewa, maji hayazunguki. Ukiiona dalili hiyo paki hapohapo, usiseme nifike kwanza.

Gereji ya kwanza walifanya yale yanayofanywa siku zote. Wakasafisha rejeta, wakaunganisha feni moja kwa moja, wakang'oa thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, wakaitupa, ati huku kwetu joto, haina kazi. Wiki tatu mshale ukatulia, kisha ukarudi palepale. Injini isiyo na thamostati inachelewa kupata moto, inakula mafuta, na ugonjwa wenyewe unafichika. Mimi nilikuwa nimelipia kufichwa.

Aliyeujua ni mzee mmoja wa Chumbageni, na hakushika spana. Aliniambia niwashe, akainama juu ya ile chupa ya akiba ya kulanti, akatulia kama mtu aliyetupa mshipi. Injini ilipopata moto, viputo vikaanza. Kimoja. Kimya. Vitatu mfululizo. Kimya. Akachovya kidole, akanusa, akaniletea na mimi ninuse: harufu ya ekzosi tupu.

"Gasketi, mwanangu. Moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Hiyo rejeta ungeiosha mpaka kiama."

Injini waliitoa nje kabisa. Ukisikia hivyo unaogopa, kumbe kwa Subaru ni kazi ya asubuhi moja, na inafanyiwa kazi vizuri zaidi ikiwa nje kuliko ikiwa imebanwa mle ndani. Hedi zote mbili zikapelekwa kuchongwa zinyooke, gasketi zikawekwa za chuma. Kwa kuwa ilikuwa imeshafunguliwa nikabadilisha na taimingi belti, ule mkanda unaoendesha valvu, beringi zake, pampu ya maji, thamostati, sili za mbele na plagi. Karibu milioni moja na laki tatu ikanitoka. Iliniuma. Lakini pampu ya maji inazungushwa na belti hiyohiyo, na belti yenyewe ina kipimo chake, kilomita 100,000. Ikikatika kwenye injini kama yangu, valvu zinakutana na pistoni, na hapo gari linauzwa kwa spea.

Kujaza kulanti nako ni kazi. Injini iliyolala haitoi hewa kwa hiari. Mzee alipandisha pua ya gari kwenye mwinuko, akafungua kizibo kidogo kilicho juu ya rejeta, hita wazi, akawa anamimina polepole huku anaminyaminya mpira wa juu. Nusu saa nzima. Sasa kazi hiyo naifanya mwenyewe, simpi fundi mwenye haraka.

Siku ile nilimwambia kwamba Subaru kwa Kijapani ni zile nyota tunazoziita kilimia, na ndizo zilizoko kwenye nembo. Akasema wazee walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. "Hiki cha kwako kimezama kwa mkandaa."

Mengine ni madogo. Plagi zimetazama ubavuni, kuzifikia mpaka utoe betri na boksi la ea klina. Fundi akidai nyongeza mpe, ana haki. Asubuhi ya baridi inagonga kidogo, ikipata moto inanyamaza. Oili inakunywa: yangu kama nusu lita kati ya sevisi na sevisi, nami namwaga kila kilomita 5,000. Kijiti cha oili nakichomoa kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Kama wewe ni mtu wa kufungua boneti siku taa ikiwaka tu, nunua gari jingine. Mimi ningelinunua tena hili, ila safari hii ningeonja chai kwanza.

Kwa sasa gasketi ya kifuniko cha valvu upande wa kushoto inavuja, oili inadondokea ekzosi, na nikisimama kwenye foleni ndani kunanuka kama mtu kaunguza sufuria. Spea nimeshanunua, iko kwenye buti. Mzee kaenda Pangani, akirudi nitaarifiwa.