Mashuka ya pamba kwa joto la Dar: niliyoyajutia na ninayoyalalia sasa

Mwezi wa pili hapa Dar es Salaam joto halipungui hata saa nane usiku. Chumba chetu kina feni tu, na umeme ukikatika hata hiyo hatuna. Mwanangu wa mwisho, wakati huo ana miaka miwili, akawa anaamka kila asubuhi na harara shingoni na mgongoni. Nilimwogesha mara tatu kwa siku, nikampaka poda, nikalala madirisha wazi. Shuka sikulifikiria kabisa, mpaka mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Tanga. Alikaa kitandani, akapitisha kiganja, akaniuliza, "Mwanangu, hili shuka la nini?" Nikamjibu, "La pamba, mama." Akasema, "Pamba hainati hivi."

Iliniuma, kwa sababu mimi ni mtoto wa Maswa. Baba alilima pamba, na sisi watoto tuliichuma mpaka vidole vikachanika kwa miba ya vitumba. Pamba naijua tangu ikiwa shambani. Lakini shuka lile nililinunua kwa kuamini maandishi.

Ilikuwa seti ya futi 6 kwa 6, shuka mbili na foronya nne, ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu. Nilitoa shilingi 45,000 Kariakoo. Mfuko uliandikwa kwa Kiingereza kwamba ni pamba ya Misri, na chini yake namba kubwa: 1000. Muuzaji akaniambia, "Dada, hiyo pamba tupu, utanikumbuka." Lilikuwa laini na linang'aa. Baada ya kufuliwa mara tatu, sehemu ya miguuni ikaota vidonge vidogo vinavyokwaruza, na usiku jasho likawa linabaki juu ya kitambaa badala ya kunyonywa.

Mama mkwe alichomoa uzi kwenye upindo, akawasha kiberiti. Uzi ukajikunja, ukayeyuka, ukaacha kidonge cheusi kigumu na harufu ya plastiki. Kisha akachomoa uzi kwenye kanga yake kuukuu. Huo uliwaka moja kwa moja kama utambi, ukanukia karatasi iliyoungua, na majivu yakasagika kati ya vidole. "Enzi zetu tulitandika bafta na merikani," akasema, yaani vitambaa vya pamba vya zamani. "Hakuna aliyehitaji kiberiti." Shuka langu lilikuwa poliesta, labda na pamba kidogo ndani yake.

Kuanzia hapo nikaanza kuuliza mafundi na wauza vitambaa, na kusoma. Ile namba ya 1000 inatakiwa kuwa hesabu ya nyuzi katika inchi moja ya mraba, za wima na za mlalo zikijumlishwa. Shuka zuri la pamba huwa na kati ya 200 na 400. Ukiona namba inayozidi hapo sana, mara nyingi kiwanda kimesokota nyuzi mbili, tatu au nne nyembamba kuwa uzi mmoja, kisha kikahesabu kila mmoja peke yake. Hata kama hesabu ni ya kweli, kitambaa kilichobanana hivyo hakipitishi hewa, na sisi wa pwani hewa ndiyo tunayoitafuta. Pamba halisi ya Misri ni nzuri kweli, nyuzi zake ni ndefu kuliko za pamba yetu ya Kanda ya Ziwa, kwa hiyo hutoa kitambaa laini na kinachodumu. Ila jina lake huandikwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapa.

Kitu kingine ni ufumaji, na hiki naona watu wengi wanakiruka. Kuna shuka lililofumwa kawaida, uzi mmoja juu mmoja chini, ambalo ukilishika ni kavu na lina ubaridi. Kuna lingine ambalo uzi unaruka juu ya nyuzi tatu au nne kabla ya kuzama, ndiyo maana linang'aa na kuteleza. Hilo la pili linaweza kuwa pamba tupu kabisa, si lazima liwe satini ya plastiki, lakini ni zito na linatunza joto. Mtu wa Lushoto au Njombe atalifurahia. Dar chukua la kwanza.

Jaribio langu la pili lilikuwa mitumba, soko la Karume. Hapo nilipata shuka mbili nyeupe kwa shilingi 12,000 kila moja, zenye kibandiko kilichoshonewa pembeni kikisema ni pamba asilimia 100. Nilikiamini zaidi kuliko maandishi ya mfuko, kwa kuwa Ulaya na Marekani sheria inalazimisha kitambaa kitaje nyuzi zake kwa asilimia. Nilizichemsha, nikazianika juani, na usiku wa kwanza nikalala kama zamani kwetu. Tatizo la mitumba ni kwamba katikati, mahali pa mwili, huwa pameshalika. Linyooshe kuelekea mwangani kabla hujalipa. Langu moja lilichanika baada ya miezi minne. Na yale yenye mpira pembeni mengi yameshonwa kwa vitanda vya kwao, futi 6 kwa 6 hayafiki. Wala usidanganyike na neno "la hoteli": hoteli nyingi hutumia mchanganyiko wa poliesta kwa sababu unakauka upesi na haukunjamani.

Ninayolalia sasa nilishonesha. Nilikwenda maduka ya vitambaa mtaa wa Uhuru nikiwa na kichupa cha maji na kiberiti, nikaomba kuona majora ya pamba nyeupe yenye upana wa mita 2.5. Jora la kwanza lilikuwa na herufi TC ubavuni. Hizo humaanisha poliesta na pamba, mara nyingi 65 kwa 35, nikaliacha. La pili nilipolisugua kwa kidole gumba likatoa vumbi jeupe: ni wanga. Kitambaa kama hicho dukani ni kigumu na kizito, ukikifua mara moja kinabaki kama chandarua. La tatu nilifinya ncha yake kwenye ngumi, likatoka na mikunjo. Vizuri, pamba hukunjamana. Tone la maji likazama. Nikamwomba muuzaji uzi mmoja wa pembeni, akanipa bila neno, ukawaka kama ule wa kanga. Ushauri wangu ni kwamba anayekunyima uzi mmoja, usimpe pesa yako.

Nilichukua mita 7 kwa shilingi 13,000 kila mita. Kabla ya kumpelekea fundi nililoweka kitambaa chote usiku kucha, nikakianika. Kilirudi kama sentimita 25 kwa urefu. Ningekata kwanza, mashuka yangekuwa mafupi. Godoro letu ni inchi 72 kwa upana na unene wake inchi 8, kwa hiyo upana ule ulifunika pande zote mbili na kubaki pa kuchomekea. Nikapata shuka mbili na foronya mbili, fundi akachukua 15,000. Jumla 106,000, zaidi ya mara mbili ya ile seti.

Sasa ni mwaka mmoja na nusu. Yamekuwa laini zaidi ya siku ya kwanza, hayajatoa kidonge hata kimoja. Harara za mtoto zilipungua wiki ile ile. Shuka si dawa, ila ngozi yake inapata hewa. Kasoro zipo. Yanataka pasi, masika hukaa kambani siku mbili, na doa la embe kwenye nyeupe ni kazi kweli kweli. Jiki naitumia kidogo sana kwa sababu inadhoofisha nyuzi. Upindo mmoja ulifumuka, fundi akaurudia bure.

Kinachoniuma ni kwamba sikupata jora la pamba ya kwetu. Simiyu, Shinyanga na Mwanza tunalima, mbegu zinatafitiwa kwenye kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kisha robota nyingi zinapanda meli zikiwa hazijasokotwa hata uzi. Kila duka nililoingia niliuliza, na kila duka jibu lilikuwa la nje.

Mabinti nao wameanza kugombania kitanda changu. Mwezi ujao narudi mtaa wa Uhuru kuchukua mita 5 za kitanda chao cha futi 4, na nitauliza tena.