Duka la dagaa karibu na stesheni ya Kigoma: mizani imegeuzwa kwa mnunuzi

Kati ya maduka niliyonunulia dagaa karibu na stesheni ya reli ya Kigoma, hili ndilo lililonipimia kila kitu kwa mizani, na mizani yenyewe imegeuzwa upande wa mnunuzi, ikiwa na stika ya Wakala wa Vipimo inayosomeka vizuri. Kwingine nilipimiwa kwa kopo lililobonyezwa kitako, kisha nikaongezewa konzi moja ya nyongeza, nami nikashukuru, kwa sababu tumezoea kuupima ukarimu wa muuzaji kwa nyongeza na kukisahau kipimo chenyewe.

Siwahesabu wauzaji wa kopo kuwa watu wabaya. Msafiri wa treni hununua mara moja akaenda zake, na hakuna kinachomlazimu muuzaji kumfikiria kesho. Mwenye duka hili, kwa maelezo yake, anategemea zaidi wateja wa Dodoma na Dar es Salaam, ambao huagiza kwa simu na kulipa kabla ya kuuona mzigo. Mmoja wao akilalamika, ndugu na majirani waliomfuata kuagiza nao huacha.

Lililonivutia zaidi ni bei. Dagaa waliokaushwa juu ya chanja wana kapu lao na bei yao ya juu, na waliokaushwa mchangani wana yao. Akina mama wanaomletea mzigo kutoka Kibirizi, mwalo wa wavuvi wa hapa Kigoma, nao hulipwa kwa tofauti hiyohiyo, na baadhi yao wameshajenga chanja zao. Pale ambapo dagaa wote hununuliwa kwa bei moja, nani atagharamia miti na nyavu za chanja? Nimewapika hawa wa chanja: niliwaosha mara moja tu, na mchuzi haukuacha chembe ya mchanga chini ya sufuria.

Hata Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, na dagaa wa Kigoma wakaadimika, hapa dagaa wa Ziwa Victoria waliuzwa kwa jina lao na kwa bei yao, bila kuchanganywa.

Kasoro ninayoiona ni vifungashio kutoandikwa tarehe ya kukausha. Mteja wa mbali, aliyekwisha kulipa, anastahili kuijua tarehe hiyo kama mimi niliyesimama dukani ninavyoweza kuuliza.