Ranthambore: chui milia nyota tano, mwongozaji sifuri

Nyota moja. Na hiyo moja nimeitoa kwa shida.

Mimi na dada tulikuwa Delhi tunamuuguza mjomba. Tulipoambiwa tusubiri majibu ya vipimo, dada akasema twende Ranthambore, hifadhi ya wanyama jimboni Rajasthan, tukamwone chui milia kabla ya kurudi Dar. Treni mpaka Sawai Madhopur ni saa chache tu, haina neno. Wakala mmoja akatulipisha bei ya jipsi, yale magari madogo ya wazi ya abiria sita. Alfajiri likaja kanta. Kanta hizi hizi zinazobeba mchanga kwetu, ila hili limefungwa viti ishirini. Wakala simu hapokei. Haya, tukapanda, tena tukawahi pembeni.

Ndipo akaja mwongozaji na sare yake ya kaki. Akatunyooshea kidole: "Nyie, sogeeni katikati. Kwenu Afrika simba wamejaa, waachieni wenzenu waone." Gari zima likacheka. Nyuma yake imesimama familia ambayo dakika chache kabla nimeiona getini ikimpa mkono, na mkono ule haukuwa mtupu. Jamani, mimi mtu wa Temeke, simba namjua kwenye jezi ya mpira! Serengeti sijawahi kufika. Tiketi ya mgeni ni ghali kuliko ya mwenyeji, sina ugomvi na hilo, hata sisi tunawafanyia hivyo hivyo. Lakini nilipe zaidi halafu nikatazame visogo vya watu?

Hifadhi yenyewe, siwezi kuisema vibaya. Tulipangiwa kanda ya 3, yenye ziwa la Padam Talao na lile jengo jekundu la Jogi Mahal ukingoni, ngome ya kale iko juu ya mlima. Ilikuwa majira ya joto, kipindi ambacho huko nyuzi 40 zinapitwa bila taabu, na wanyama wote wanafuata maji. Sambar, wale kulungu wakubwa wa kule, wamezama hadi tumboni wanakula majani ya ziwani, na mamba wako humo humo. Mwongozaji yuko kwenye simu. Alipoiweka chini akatusimulia habari za Machli, chui milia jike maarufu wa hifadhi hiyo aliyepigana na mamba, akafa mwaka 2016. Nakiri alisimulia vizuri, na hilo likaniudhi zaidi.

Mara sambar mmoja akatoa mlio, mmoja tu, kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Ukisikia hivyo ujue kaona kitu. Aliyeusikia ni dereva. Mwongozaji alikuwa amerudi kwenye simu yake! Dereva akazima injini, akanyoosha kidevu kushoto. Kushoto. Upande wa kiti changu.

Nilimwona kwa vipande, katikati ya simu mbili za wale waliopewa nafasi yangu. Bega. Sikio, na doa jeupe nyuma yake. Akatoka kwenye nyasi bila haraka, akasimama kwenye mti jirani na barabara, akainua mkia na kulinyunyizia shina mkojo, akaendelea na safari zake kana kwamba kanta na watu wake hawapo. Nywele zilinisimama. Dada alilia. Dakika ile ungeniuliza, ningekupa nyota tano na chenji nisidai.

Basi tuseme tatu. Mbili za chui, moja ya dereva.

Hapana, mbili. Maana tulipofika getini yule bwana alisimama mlangoni mwa kanta, mkono kautanguliza, anatukumbusha kwamba chui "ametutafutia" yeye. Yeye!

Mkienda, kateni tiketi wenyewe mapema kwenye mtandao wa serikali ya Rajasthan, wakala wa nini. Na msiende Julai mpaka Septemba, kanda kuu zinafungwa kwa mvua za monsuni. Pesa yangu ya jipsi bado naidai. Bahashishi yangu nilimpa dereva, mwongozaji nikampita. Kumbe dada, nyuma yangu, amempa rupia mia tano. Mpaka leo hatujaelewana.